Hesabu ya Meno

Ukiinama kuitazama baiskeli hii kwenye pedali, utadhani aliyeiunda alikosea hesabu. Mbele ina sproketi tatu. Ya nje ina meno 50, inayofuata ina meno 46, na ya ndani kabisa ina meno 28. Hiyo ndogo haina fumbo, ni ya milimani. Kinachotatiza ni hizo mbili za nje. Ukirudi nyuma hatua tatu huwezi kuzitofautisha kwa macho. Kwa nini mtu abebe chuma cha ziada, waya wa ziada na wenzo wa ziada kwa ajili ya tofauti ya meno manne?

Hayo meno manne ndiyo moyo wa mashine nzima. Vifaa vingine vyote vya gia vilichaguliwa ili yafanye kazi yake, na ndiyo sababu nashikilia kwamba baiskeli ya namna hii ibaki na vifaa ilivyozaliwa navyo. Sisemi hivyo kwa kuabudu vitu vya kale. Nasema hivyo kwa sababu kuna mtu alikaa na kalamu akafikiri, na fikra yake imebaki humo kwenye chuma. Ukibadilisha kifaa kimoja bila kuisoma hesabu hiyo, unaifuta.

Ni baiskeli nyepesi ya safari, ya Kifaransa, ya katikati ya miaka ya 1970. Si ya mashindano, wala si ya kubebea hema na sufuria kuvuka bara. Iliundwa kwa ajili ya mtu anayetoka nyumbani alfajiri na mkoba mmoja juu ya gurudumu la mbele, anayepanda na kushuka milima mchana kutwa, na giza likiingia anawasha taa ya dainamo na kuendelea. Fremu yake ni ya mirija ya Reynolds 531, feleji ya Birmingham iliyoingia sokoni mwaka 1935, minene kwenye ncha inapoungwa na myembamba katikati pasipo na kazi kubwa. Krenki ni T.A. Cyclotouriste, habu ni Maxi-Car, breki ni Mafac, tandiko ni la ngozi la Ideale. Nyenzo za gia ni za Simplex na kifaa cha nyuma cha kuhamisha cheni, yaani dereila, ni Huret Duopar. Nimeitaja orodha hii yote kwa mkupuo kwa sababu kila jina humo litarudi, isipokuwa mirija, tandiko na breki, ambazo ni nzuri sana lakini hazihusiki na hoja yangu.

Tuanze na mguu. Mguu wa mwendeshaji aliyezoea hupenda kuzunguka takriban mara 70 hadi 90 kwa dakika. Chini ya hapo goti linabeba mzigo usio wake, juu ya hapo mtu anarukaruka kwenye tandiko na pumzi inamwishia. Waliokulia juu ya Phoenix au Raleigh ya gia moja wanalijua jambo hili mwilini. Kwenye tambarare mwendo ni mtamu. Kilima kikianza unasimama juu ya pedali, halafu unashuka na kusukuma. Kwenye mteremko miguu inabaki bila kazi. Baiskeli ile ina uwiano mmoja tu kati ya mguu na barabara, na barabara haijali.

Wafaransa hupima uwiano huo kwa njia inayoeleweka na yeyote: pedali zikizunguka mara moja, baiskeli inasogea mita ngapi? Unachukua meno ya mbele, unagawanya kwa meno ya nyuma, unazidisha kwa mzingo wa gurudumu. Gurudumu la 700C lenye tairi la milimita 32 lina mzingo wa karibu mita 2.15. Nyuma, kwenye friwili, baiskeli hii ina sproketi tano: 14, 17, 20, 24 na 28. Kwa hiyo sproketi ya mbele yenye meno 50 ikivuta ile ya 20, kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 5.39. Miguu ikizunguka mara 80 kwa dakika, hiyo ni kama kilomita 26 kwa saa, mwendo wa kutosha kwa mtu mwenye siku nzima mbele yake.

Sasa pima hatua. Kutoka sproketi moja ya nyuma kwenda inayofuata, uwiano unabadilika kwa asilimia 17 hadi 21. Hatua hiyo ni kubwa. Upepo wa mbele unapokuchosha polepole, mita 5.39 inakuwa nzito kidogo tu, lakini ukihamia sproketi inayofuata ya nyuma unaangukia mita 4.49, na ghafla miguu inazunguka bure. Ulitaka kupunguziwa kidogo, ukapunguziwa mno. Hapo ndipo meno manne yanapoingia. Kutoka 50 hadi 46 tofauti ni asilimia 8.7, karibu nusu kamili ya hatua ya nyuma. Badala ya kushuka ngazi kidato kizima, unashuka nusu kidato na kukuta 4.96.

Ukizipanga gia zote kumi za sproketi mbili kubwa kwa mfuatano, kuanzia nzito kwenda nyepesi, unapata mita 7.69, 7.08, 6.34, 5.83, 5.39, 4.96, 4.49, 4.13, 3.85 na 3.54. Zisome tena polepole. Hakuna inayojirudia na hakuna pengo. Kila moja ni nyepesi kuliko iliyotangulia kwa asilimia 7 hadi 11, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na zote kumi zinatumika. Kisha inakuja sproketi ndogo ya meno 28, ambayo hufanya kazi na zile tatu kubwa za nyuma tu, nayo inaongeza mita 3.02, 2.51 na 2.15. Hiyo ya mwisho ni meno 28 mbele na 28 nyuma: mguu ukizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara moja. Kwa mizunguko 60 kwa dakika unapanda kwa karibu kilomita 8 kwa saa, ukiwa umekaa, ukipumua, ukiweza hata kuzungumza na mwenzako.

Utamu wa mpangilio huu unaonekana ukiulinganisha na ule uliokuwa wa kawaida wakati huohuo. Baiskeli za "gia kumi" zilizouzwa kwa wingi Ulaya na Marekani katika miaka ya 1970 nyingi zilikuwa na meno 52 na 42 mbele. Ukizifunga na friwili hiyohiyo ya 14 hadi 28, unakuta 42 kwa 14 inatoa mita 6.46, na 52 kwa 17 inatoa 6.59. Tofauti ya sentimita 13! Mguu hauwezi kuihisi. Halafu 4.52 na 4.67, jambo lilelile. Muuzaji alisema gia kumi, na sproketi kweli zilitosha kumi ukizizidisha, lakini barabarani mwenye baiskeli alikuwa na kama sita, nyingine zikiwa zimerudiwa. Chuma ni kilekile, uzito ni uleule. Kilichopungua ni robo saa ya kufikiri.

Fikra yenyewe ilikuwa na umri mkubwa. Ninaishi Lyon, na Saint-Étienne iko kama kilomita 60 kutoka hapa. Huko ndiko aliishi Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853, ambaye kwa jina la kalamu la Vélocio alianzisha jarida la Le Cycliste mwaka 1887 na kulitumia maisha yake yote kuhubiri jambo moja: mtu wa kawaida anaweza kusafiri mbali sana kwa baiskeli ikiwa gia zake zinalingana na miguu yake na milima yake. Alijaribu kila kitu, hadi baiskeli zenye cheni mbili, moja kila upande. Njia yake ya majaribio ilikuwa barabara inayotoka mjini kupanda Col de la République, penye mita 1,161 juu ya usawa wa bahari. Alifariki mwaka 1930 baada ya kugongwa na tramu mjini kwake, na hadi leo waendesha baiskeli hukusanyika kila mwaka kuupanda mlima ule kwa heshima yake.

Upande wa pili alisimama Henri Desgrange, mwasisi wa Tour de France, aliyeona kubadilisha gia ni mambo ya watu waliozeeka. Katika mashindano yake wanaume wenye nguvu kuliko wote duniani walisimama chini ya mlima, wakafungua gurudumu la nyuma, wakaligeuza upande wa pili kwenye sproketi kubwa zaidi, wakafunga tena na kuendelea. Dereila iliruhusiwa mwaka 1937, baada ya Desgrange kuachia usukani. Kwa miaka mingi, basi, mwalimu wa shule aliyepanda milima siku za mapumziko alikuwa na mashine iliyofikiriwa vizuri kuliko ya bingwa. Jambo hili hunifurahisha kila ninapolikumbuka, kwa sababu linaeleza kwa nini mafundi bora wa Ufaransa walielekeza akili zao kwa wasafiri.

Mmoja wao alikuwa René Herse, aliyezaliwa 1908 na kufariki 1976, ambaye kabla ya baiskeli alifanya kazi kwenye ndege. Kwenye duka lake la Levallois-Perret, kando ya Paris, baiskeli haikuwa fremu inayovalishwa vitu. Madigadi, keria, taa, krenki na gia vilichorwa pamoja tangu mwanzo kwa ajili ya mteja mmoja. Kwenye baiskeli zake nyingi za zamani, sproketi za mbele hubadilishwa kwa wenzo mfupi uliosimama kwenye mrija wa kiti, bila waya wowote. Mwendeshaji anateremsha mkono kati ya miguu yake na kuisukuma cheni moja kwa moja. Nimewahi kupewa nafasi ya kuushika wenzo huo. Unaisikia cheni ikisugua bamba, ikipanda, ikikaa, kana kwamba umeigusa kwa kidole. Waya uliokuja baadaye ulirahisisha kazi, na sitaki kuukataa, lakini mkono ulipoteza kitu.

Turudi kwenye baiskeli yangu, kwa maana hapa pana swali la kiufundi linalostahili kutazamwa kwa karibu. Dereila ya nyuma inasukuma cheni kando kwa kigurudumu kidogo kilicho chini ya friwili. Kigurudumu hicho kikiwa karibu na meno, ukikisogeza milimita mbili cheni inatii papo hapo. Kikiwa mbali, kipande cha cheni kilicho katikati kinapinda kwanza, kinasitasita, kisha kinaruka. Ugumu ni kwamba friwili ya msafiri ina umbo la pia: upande mmoja meno 14, upande mwingine 28. Dereila nyingi za zamani zilisogea sambamba na ekseli, mstari ulionyooka. Ukiziweka karibu na sproketi ndogo zinagonga ile kubwa, ukizishusha zisiigonge zinakuwa mbali mno na ile ndogo.

Nobuo Ozaki wa kampuni ya Maeda huko Japani, iliyouza bidhaa zake kwa jina la SunTour, alilijibu swali hilo mwaka 1964 kwa wazo ambalo likishaelezwa linaonekana jepesi: aliuinamisha msambamba wa vyuma unaobeba kigurudumu, ili kikisogea kuelekea sproketi kubwa kiwe pia kinashuka. Mteremko wa dereila ukafuata mteremko wa friwili. Hataza yake ilipokwisha miaka 20 baadaye kila mtu aliichukua, na karibu kila dereila inayouzwa leo ni mjukuu wa mchoro ule.

Huret walikwenda njia nyingine. Duopar ina misambamba miwili: mmoja unasogea kando kama kawaida, na wa pili, uliofungwa juu yake, unacheza juu na chini, ukivutwa na cheni yenyewe. Sproketi ikiwa kubwa, kigurudumu kinashuka chenyewe. Ikiwa ndogo, kinapanda. Kwa hiyo hakifuati mteremko uliokadiriwa kiwandani, kinafuata friwili halisi iliyo juu yake, ya umbo lolote. Inyanyue baiskeli, zungusha pedali kwa mkono huku ukivuta wenzo, utaiona ikipumua. Nikiulizwa ipi bora, nitasema ya Ozaki. Ina pini chache, hailegei upesi, na haivunjiki ukigonga jiwe. Duopar ina viungo vingi mno, na iliyochakaa inatikisika kwa namna ya kusikitisha. Lakini ikiwa nzima, kwenye friwili ya 14 hadi 28 na tofauti ya meno 22 mbele, inahamisha cheni kwa upole ambao sijaukuta kwenye kifaa kingine cha wakati wake. Aliyeichagua kwa baiskeli hii alijua anabeba kitu dhaifu, akaona kinafaa. Mimi naitunza: mafuta mepesi kwenye kila pini, kitambaa, na kutoiegemeza baiskeli upande wa kulia.

Nyenzo za Simplex ziko kwenye mrija wa chini wa fremu, kulia na kushoto, na hazina vituo. Hakuna mlio wa "tik" wa kukuambia umefika. Ndani ya kila wenzo kuna springi iliyoviringishwa kwenye kitovu. Ukivuta, springi inalegea na wenzo unakuja laini. Ukiuachia, springi inajikaza na kuushika mahali pake, hata dereila ikivuta kwa nguvu zake. Ni ufundi mdogo kiasi cha ukucha, na nadhani hakuna wenzo uliowahi kuwa mtamu kuliko huu mkononi. Fundi aliyezoea nyenzo za msuguano wa kawaida, zile zinazokazwa kwa skrubu ya kipepeo, huduwaa akiushika huu mara ya kwanza.

Na huo mfuatano wa gia unaendeshwaje barabarani? Tuseme uko kwenye 46 kwa 20, mita 4.96, na barabara inaanza kuteremka taratibu. Wenzo wa kushoto peke yake: 50 kwa 20, mita 5.39. Barabara ikizidi kuteremka, sasa unahitaji zote mbili kwa pamoja: kushoto kurudi 46, kulia kwenda 17, na uko kwenye 5.83. Kisha kushoto peke yake tena: 6.34. Kidato kimoja wenzo mmoja, kidato kinachofuata nyenzo zote. Kwa kuwa nyenzo zinatazamana kwenye mrija mmoja, mkono wa kulia unaweza kuzishika zote kwa wakati mmoja, kidole gumba kikisukuma huku na vidole vingine vikivuta kule. Inachukua muda kuizoea. Baada ya hapo masikio ndiyo yanayofanya kazi: cheni iliyokaa vizuri haisemi kitu, iliyokaa vibaya inakwaruza, na unasahihisha kwa unywele. Kuhama kutoka 46 kwenda 50 ni kwepesi ajabu, kwa sababu cheni inapanda meno manne tu. Haina haja ya kuruka. Huhitaji hata kupunguza nguvu za kukanyaga.

Najua hoja ya wanaosema hayo ni mengi ya kufikiria. Baiskeli ya leo yenye sproketi 12 nyuma na moja mbele inatoa hatua zinazokaribia hizi kwa kidole kimoja, na kwa mtu anayetaka kufika ni kitu kizuri. Ninachosema ni kwamba wahandisi wa miaka ile walipewa sproketi tano tu, na kwa tano walitengeneza mfuatano ambao mguu hauoni pengo ndani yake.

Sasa vifaa vya asili. Baiskeli ya Kifaransa ya wakati ule ni nchi yenye sheria zake, na anayeingia na spana bila kuuliza ataharibu vitu visivyopatikana tena. Pedali zina kipenyo cha milimita 14, wakati za Kiingereza ni 14.29. Karibu sawa, lakini si sawa. Kwenye ncha ya kila pedali, ukifuta grisi, utaona herufi D au G imegongwa kwenye chuma, kulia na kushoto kwa Kifaransa, na herufi hizo ndizo kitambulisho cha kwanza ninachokitafuta kwenye baiskeli yoyote ya aina hii. Watu wengi huzitupa pedali hizo, huchukua chombo cha kukata uzi na kupanua tundu la krenki liingize pedali za kisasa. Inawezekana, na krenki inabaki na nguvu ya kutosha, ila pedali za asili haziwezi kurudi tena.

Kikombe cha kulia cha ekseli ya krenki kina uzi wa kulia, kama cha kushoto. Kwa Waingereza cha kulia kina uzi wa kushoto, ili mwendo wa pedali usikifungue. Wafaransa walitegemea kukikaza kwa nguvu zote. Hapa siwatetei, Waingereza walikuwa sahihi. Kikombe hicho hukaguliwa kila msimu. Kisha krenki zenyewe: chombo cha kuzivua kwenye ekseli lazima kiwe cha T.A., chenye uzi wa milimita 23. Cha kawaida ni 22, na cha Stronglight, kampuni nyingine ya Kifaransa iliyokuwa na krenki zinazofanana nazo kwa macho, ni 23.35. Anayelazimisha kisicho chake anakula uzi laini wa alumini, na tangu siku hiyo krenki haivuliki ila kwa nyundo.

Habu za Maxi-Car ndizo ninazozipenda kuliko vyote. Spoku zinazokatika ni zile za nyuma upande wa cheni, nyuma ya friwili, na kwenye habu ya kawaida huwezi kuzipitisha mpaka uivue friwili, kazi inayotaka jiriwa na mikono ya mwanamieleka. Maxi-Car waliyatoboa matundu ya upande huo kwa umbo la tundu la ufunguo: kichwa cha spoku kinaingia penye upana, kisha kinateleza kwenye wembamba na kujishika chenyewe pindi spoku inapokazwa. Mtu yuko kando ya barabara ya mlimani, spoku imekatika, anachukua nyingine kwenye mkoba wake na kuibadilisha bila kugusa friwili. Aliyeunda tundu hilo alimfikiria mtu huyo akiwa peke yake, mbali na fundi. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo kati ya kiwanda na mteja.

Na friwili ndiyo iliyonipa kazi. Sproketi ya 17, inayofanya kazi kuliko zote kwenye tambarare, meno yake yalikuwa yamelika na kuinama kama mapezi ya papa, na cheni mpya ilikuwa inaruka juu yake. Njia rahisi ilikuwa kununua friwili mpya, kwa kuwa bado zinatengenezwa na bei yake ni ndogo. Lakini uzi wa habu hii ni wa Kifaransa, milimita 34.7, na friwili za leo zina 34.8 na uzi wa vipimo vya Kiingereza. Itaingia mizunguko michache, itaonekana imeshika, kisha kwenye mlima wa kwanza itaung'oa uzi wa habu.

Hata kama ingeingia, tazama meno. Friwili ya kisasa ya sproketi sita iliyo rahisi kupatikana ina 14, 16, 18, 21, 24 na 28. Mbele ya 50 na 46 inatoa 6.19, halafu 5.98, halafu 5.51: sentimita 21, kisha 47. Hatua moja mguu hauihisi, inayofuata inakurusha. Ni friwili nzuri, imenyooka, inang'aa, na kwenye baiskeli hii inageuza sproketi ya meno 46 kuwa mzigo. Hapo ndipo nilipothibitisha kwamba 50 na 46 hazikuwekwa baadaye na mtu mwingine. T.A. waliuza sproketi za ukubwa wa kila namna, kuanzia meno 26, na mteja alichagua mwenyewe. Aliyechagua hizi alikuwa na friwili ya 14, 17, 20, 24, 28 mbele yake. Namba zinatoleana ushahidi.

Friwili za zamani zinafunguka. Sproketi zake ni vipande mbalimbali, vidogo vimekazwa kwa uzi na vikubwa vimechomekwa kwenye mifereji, na kwa fimbo mbili zenye kipande cha cheni, moja ikizuia na nyingine ikigeuza, unaweza kuzivua moja baada ya nyingine. Niliiloweka kwenye mafuta usiku mzima. Mzee mmoja wa kikundi cha waendesha baiskeli wa hapa, aliyewahi kuwa fundi, ana makopo ya sproketi za zamani yaliyopangwa kwa idadi ya meno, na humo ilipatikana 17 isiyotumika, yenye rangi ya dhahabu wakati zangu ni za kijivu. Alitaka kwanza kujua mbele nina meno mangapi. Nilipomwambia 50 na 46 alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kutafuta.

Cheni nimeweka mpya, waya mpya, raba za breki mpya, matairi mapya. Vitu hivyo viliundwa vilike, na kuvilazimisha viendelee ni hatari isiyo na faida. Sproketi ya 20 ina msimu mmoja au miwili zaidi, na ya pili yenye meno 20 tayari iko kwenye kisanduku changu. Kilichobaki ni kigurudumu cha juu cha Duopar, ambacho kimeanza kulegea kwenye ekseli yake. Nimekipima kwa kalipa, na mchongaji mmoja hapa Lyon amekubali kunitengenezea bushi ya shaba ya ukubwa huo.